Ukuta wa Pili wa Mama Mukabalisa

Idrissa, seremala wa mtaa wa Katindo, alikuwa na dawa ya kelele za majirani. Katika nyumba za mbao, ukipiga chafya kwako, jirani anakuitikia kwake. Yeye alijenga ukuta wa pili usiogusana na wa kwanza, kisha katikati akashindilia nguo kuukuu mpaka sauti ikakosa pa kupita.

Jumanne moja asubuhi aliitwa na Mama Mukabalisa, muuguzi wa zamu za usiku, aliyekuwa na wiki moja tu katika nyumba ile ya kupanga.

"Papa Idrissa, muchana silale. Jirani anakohola, anakohola, hachoke!"

Idrissa aliweka sikio ukutani. Kweli, kikohozi kikavu cha mwanaume, karibu kabisa. Akamhurumia Mama Mukabalisa, akaanza kazi. Saa nane mchana alipigilia ubao wa mwisho. Kimya. Mama Mukabalisa alicheka kwa furaha, akaenda kumchemshia chai.

Kwa uungwana, Idrissa alizunguka nyuma kumpa pole mgonjwa. Muzee Cyprien, mwenye kiwanja kile, alimshangaa.

"Mugonjwa gani? Niko peke yangu huku."

Akamwonyesha. Nyuma ya chumba kile palikuwa na mawe meusi ya volkano, yaliyoganda hapo tangu mlipuko wa mwaka 2002, yameegemea ukuta hadi kwenye bati. Hata paka asingepenya.

Idrissa alirudi mbio. Mama Mukabalisa alisimama mlangoni, birika mkononi.

"Papa," alinong'ona, "ile sauti imesogea."

Kikohozi. Safari hii kilitoka ndani ya ukuta mpya. Kikakoma. Kisha sauti ikasema, polepole:

"Aksanti ya nguo. Baridi ilikuwa mingi."

Idrissa alisoma kila aya aliyoijua. Kisha aling'oa ubao mmoja. Nguo alizozishindilia ovyo hazikuwa ovyo tena. Shati lilikuwa ndani ya koti. Suruali chini yake. Vifungo vyote vimefungwa. Akagusa kola.

Ilikuwa na joto.

Mama Mukabalisa alihamia kwa dada yake saa ile ile. Hakubeba hata godoro.

Kesho yake Idrissa alirudi na Muzee Cyprien kubomoa. Ubao alioung'oa ulikuwa umerudi mahali pake, umepigiliwa kwa misumari mirefu yenye kutu.

Vichwa vya misumari ile vilikuwa ndani ya ukuta. Ncha ndizo zilizotazama chumbani.