Manowari Ndani ya Karai

Mwaka ule sabuni ilipokuwa adimu, Wilibrodi alitoka jioni kwenda dukani kwa Hamidi, Karatu mjini, kutafuta walau kipande. Mkewe, Antonia, alitaka kuisafisha ile manowari.

Ilikuwa mfano wa meli ya vita ya Kijapani, ya chuma kitupu, ndefu kama mkono hadi kiwiko, kila mzinga mahali pake. Mtalii mzee wa Kijapani ambaye Wilibrodi alimwendesha hadi ukingo wa kreta ya wanyamapori ndiye aliyemwachia. Kaka yake alizama na meli yenyewe vitani, alisema mzee huyo. Alitaka kumbukumbu hiyo ikae mbali na bahari.

Hamidi alichomoa sabuni chini ya meza. "Nasikia umepewa meli, dereva. Utaiegesha wapi huku kwetu kusiko na bahari?"

Wakacheka wote wawili.

Nyumbani taa ilikuwa haijawashwa. Palinuka mafuta yaliyoungua... na chumvi.

"Mama Piusi?"

 Uani, sauti ya maji yakipigwapigwa.

Antonia hakuwa amesubiri sabuni. Alikuwa amepiga magoti, majivu viganjani, uso ndani ya karai alimoilaza ile manowari. Maji yenyewe kina chake hakikuzidi kidole. Miguu yake ilikuwa ikirusha vumbi.

Wilibrodi akamshika mabega, akavuta.

Kitu kikamvuta Antonia kutoka chini.

Bega la Antonia likateguka kwa mlio. Mapovu mekundu yakapanda. Mkono mweusi ukachomoza kutoka kwenye karai, ngozi ikining'inia, ukamkaba Wilibrodi koo. Ukaja wa pili. Wa tatu...

Akapapasa, akapata shoka la kuni. Akakata. Akakata huku mifupa ikivunjika na wanaume wakilia kwa lugha asiyoijua, damu ya moto ikimrukia machoni. Pigo la mwisho likapasua karai.

Maji yakamwagika. Udongo ukayanywa, na mikono pamoja nayo.

Antonia akatapika maji ya chumvi. Akavuta pumzi. Alikuwa hai! Wilibrodi akamkumbatia, akalia bila kujizuia.

"Baba Piusi," akanong'ona.

"Nipo, mke wangu."

"Mbona umenitoa peke yangu?"

Hakumwelewa.

"Wako wengi humo. Vijana wadogo tu. Wanaungua..."

Akainuka, bega likining'inia, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya mvua, akashika ukingo wake. Wilibrodi akamzungushia mikono kiunoni, akavuta kwa nguvu zote.

Safari hii hakuna kilichomvuta kutoka chini. Ni Antonia mwenyewe aliyekuwa akijivuta kuingia.

Na pipa lilikuwa limejaa.