Hapa Hapazai Kitu

Maua ya mchungwa yalipukutika yote kwa mpigo, saa sita mchana, na upepo haukuwepo. Mshonaji aliyaona kupitia mlango wa uani, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Samadi aliweka, matawi makavu aliyapogoa, maji hakuyapunguza. Alipousogelea mti, akanusa harufu ya nywele zilizoungua.

"Toka hapo, wifi," dada wa marehemu mumewe alinong'ona kutoka mlangoni. "Huo mti una mwenyewe. Kila ukipukutisha, mwanao naye mimba inatoka. Umesahau?"

Hakusahau. Na kabla hajajibu, binti yake akaita kutoka chumbani, "Mama, tumbo."

Mshonaji akachukua msumeno.

"Wifi, nakuomba. Tuhame tu."

"Ahame yeye. Mimi nina mjamzito ndani."

Akapanda. Kadiri alivyopanda ndivyo ile harufu ilivyozidi kumkaba, majani yakamfunika hata jua likapotea, na kitu chenye uzito wa mtu kikahema shingoni mwake, polepole, kikisogea alikosogea, kikitulia alipotulia, mpaka akalifikia tawi nene la katikati na kuliona gome lake likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Shuka, mama watoto," likasema. "Hapa hapazai kitu."

Chini, wifi akaanza kulia. Sauti iliyotoka mtini ilikuwa ya kaka yake.

Miaka mingi mshonaji alikuwa akitamani kuisikia tena sauti ile. Kisha akaweka meno ya msumeno juu ya gome.

"Mume wangu hakuniamrisha akiwa hai," alisema. "Wewe ndiye utakayeniweza?"

Akakata. Kitu kikamng'ang'ania nywele, kikazing'oa kwa mafungu, naye akaendelea kukata huku damu ikimwingia machoni. Tawi lilipoanguka, majirani walisikia mtu akipiga yowe. Ndani, binti alisema maumivu yametulia.

Msimu uliofuata machungwa yalielemea matawi, na mjukuu akazaliwa, mtoto wa kike mwenye kelele.

Hadi leo, mchana kukiwa kimya, mlango wa uani hugongwa taratibu.

"Nifungulie, mama watoto. Jua kali."

Mshonaji humlaza mjukuu vizuri mapajani, akaendelea kumenya chungwa.

"Gonga," humjibu. "Gonga mpaka uchoke."