Saa Mbili ya Nani?

Kilichoanza ni kikombe cha maji. Apolonia alisikia jina lake likiitwa taratibu gizani, akapapasa stuli kando ya kitanda, akakuta kikombe kimejaa pomoni. Akameza kidonge chake, akasema asante. Asubuhi akamwambia wifi yake Lusia kwamba Mungu ambariki kwa kumwamsha. Lusia alikuwa anachochea moto wa chai. Akageuka na kijinga mkononi, akasema yeye alilala fofofo tangu walipofunga mlango, hayo maji ya kumpelekea mtu usiku angeyatoa wapi?

Wakaangaliana, kisha wakacheka. Apolonia alikuwa hajapata usingizi wa maana kwa siku tisa, na mtu asiyelala husahau hata kama amekula.

Lusia ni dada wa Optatus, mume wa Apolonia. Wiki ile Optatus alikuwa Kiranjeranje, akipura ufuta na kaka yake Benjamini, na simu ya nyumba, ile moja tu waliyo nayo, alikuwa nayo yeye. Kabla hajaondoka Mitole alimwita dada yake kutoka Lindi, maana mke wake hakuwa mtu wa kuachwa peke yake. Tangu mama yake azikwe, Apolonia alikuwa amekauka. Hali, haogi, hasemi. Siku moja Optatus alimkuta shambani, amekaa ukingoni mwa kisima cha zamani, miguu inaning'inia ndani. Akamwuliza unafanya nini hapo, mke wangu. Akajibu kwamba anataka kupumzika tu. Kesho yake walikuwa kliniki.

Nesi Zuwena aliwaambia hiyo ni sonona, na ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Kidonge kimoja kila siku, saa mbili. Asiache ghafla hata akijiona mzima. Usingizi unaweza kumsumbua wiki za mwanzo, na ukizidi arudi. Optatus, bwana wa kufuata maagizo mpaka anakera, alitega kengele kwenye simu yake ya kitochi. Akabonyeza 2:00, kama alivyosikia, naye hakukumbuka kwamba simu inahesabu saa za kizungu. Ikalia saa nane za usiku. Wakadhani ndivyo dawa inavyotaka! Siku nane mfululizo mwanamke wa watu anaamshwa usiku wa manane, anameza, halafu macho makavu mpaka jogoo.

Lakini haki isemwe, dawa ilifanya kazi. Apolonia alianza kula. Alianza kugombana na kuku. Optatus aliposikia mkewe anagombana na kuku tena, alizunguka nyuma ya nyumba akalia kidogo, ndipo akaaga safari yake.

Sasa simu iko Kiranjeranje, na bado kuna mtu anaamsha.

Usiku wa pili Apolonia hakusema asante. Lusia alikuwa kwenye mkeka, anakoroma. Lile jina likaitwa tena, taratibu, kwa kuvutavuta vile wazee wa Kimakonde wanavyovuta maneno, na pamoja na sauti ikaja harufu ya ugoro, ugoro wa mama yake, uliochanganyika na harufu ya udongo uliokaa siku nyingi bila jua. "Dawa, mwanangu," ilisema. Apolonia akafumba macho kwa nguvu, na akiwa ameyafumba akasikia kikombe kinatuliwa juu ya stuli, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuamsha wengine. Hakukigusa mpaka kulipopambazuka.

Lusia hakuwa mtu wa kutishika. Alikichukua kile kikombe, akakinusa, akasema haya ni maji tu, tena ya baridi, akayapiga mafunda matatu akayamaliza. Kisha akalamba midomo. Ulimi wake ulikuwa na chumvichumvi. Bomba la Mitole halina chumvi. Maji ya namna ile yalikuwa kwenye kisima cha shambani peke yake, na hakuna mtu aliyechota pale miaka mingi.

Jioni ile Lusia alifunga pindo moja la khanga kwenye mkono wake na pindo la pili kwenye mkono wa Apolonia. Akatia fundo juu ya fundo. Akasema kwa mzaha kwamba sasa wamekuwa mbuzi wa soko moja, lakini rozari alilala nayo shingoni.

Ilipofika saa nane sauti haikusema dawa. Ilisema, "Iache hiyo dawa, mwanangu. Inakunyima usingizi. Umechoka. Njoo ulale."

Jamani, mtu aliyekesha siku zote zile ukimwambia njoo ulale, umempa nini kingine cha kutaka? Apolonia alisikia mwili wote unalegea kwa tamaa, akaona giza la kisima lilivyo laini, lilivyo kimya, hakuna jogoo wala kengele wala mtu wa kumwita, na miguu ikajishusha yenyewe kitandani, ikagusa sakafu ambayo ilikuwa imejaa maji ya baridi mpaka vifundoni, na akatembea akielekea mlango uliokuwa umefunguka bila kufunguliwa, akinusa ugoro, akilia kwa furaha kama mtoto anayerudishwa kwa mama yake, mpaka khanga ikakaza.

Lusia aliamshwa na maumivu ya mkono. Alivuta. Upande wa pili kukavutwa kwa nguvu ambazo si za mwanamke mmoja aliyedhoofu. Akakita miguu kwenye fremu ya mlango, akavuta tena huku anasali ovyo, Baba Yetu na Salamu Maria zimeingiliana.

"Mwachie," ikasema sauti kutoka nje. "Mwachie alale."

Lusia hakumwachia. Kulipokucha walikuwa wamekaa sakafuni, wamekumbatiana, na sakafu ilikuwa kavu.

Walimpigia Optatus kwa simu ya jirani, akaja mbio, wakaenda Kivinje kwa Bibi Mwahija, mganga anayejulikana kwa kupunga majini. Wakatoa shikamoo, akaitika marahaba. Walidhani atauliza habari za mizimu. Yeye akaomba kuona bahasha ya dawa. Akauliza inamezwa lini. Optatus akasema saa mbili, kama alivyoambiwa, akaonyesha simu.

Bibi Mwahija akaitazama, akamtazama na yeye. "Saa mbili ya nani, mjukuu wangu? Hii ni saa nane ya usiku. Siku nane umemwamsha mkeo saa ya mizimu, kwa kengele. Anayemtaka akajua wakati wa kubisha hodi."

Alimfukiza Apolonia ubani, akamsomea, akamwosha uso. Akaamuru kisima kifukiwe. Mwisho akamshika Apolonia kidevu: asithubutu kuacha vidonge, maana hivyo ndivyo vinavyomuudhi yule. Warudi kwa nesi. Nesi Zuwena alijipiga kofi kwenye paji la uso. Asubuhi! Baada ya chai! Akakiri hakulitamka neno lenyewe, akaomba radhi.

Kisima kikafukiwa. Apolonia akalala. Alilala mpaka udenda ukalowesha mto, na Optatus alikaa kitandani akiutazama ule udenda kwa raha. Ukapita mwezi mzima.

Asubuhi moja Apolonia alikuwa ndiyo kwanza amemeza kidonge chake, jua limepanda, Lusia akatoka chumbani kwake na macho mekundu. Akakaa kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, jana usiku uliniletea maji ya nini? Mimi simezi dawa."

Apolonia akakumbuka yale mafunda matatu. "Amekwambia nini?"

"Kwamba nimechoka."

Optatus akapiga simu Kivinje. Bibi Mwahija alikuwa msibani, atarudi kesho. Usiku mmoja tu, akasema Optatus, naye mwenyewe hakuonekana kuuamini.

Apolonia alitoa khanga ileile sandukuni. Akafunga pindo moja mkononi mwa Lusia, la pili mkononi mwake, fundo juu ya fundo. Akalala macho wazi, na safari hii kidonge hakikuhusika. Akasikiliza wifi yake anakoroma. Alimpenda kwa kule kukoroma.

Saa nane mkoromo ukakatika. Ikaja harufu ya ugoro. Khanga ikakaza. Apolonia akaizungusha mara mbili kiganjani, akakita miguu kwenye fremu ya mlango, akavuta.