Matairi Yasiyonguruma

Jioni hiyo nesi alitoka zamu akiwa hoi, nyayo zikimwaka moto, akapitisha gari kwa fundi wa matairi. Kilikuwa kigari cha milango miwili, kifupi, chenye roho ya mbio. Kaka yake alimwachia alipofariki. Utamu wake wote uliharibiwa na matairi tu. Yalinguruma kama mashine ya kusaga.

"Nataka yanayoshika lami hata kwenye mvua," alimwambia fundi, "na yawe kimya. Kutwa nzima nasikia watu wakiugulia. Barabara nayo inipigie kelele?"

Fundi alipapasa tairi la mbele. "Haya hayajaisha, dada. Marehemu aliyachagua mwenyewe. Nilimfungia ya kimya, kesho yake akayarudisha."

"Kisa?"

"Alisema... kelele zinamsitiri."

Nesi alicheka kichovu. Kaka yake hakuishiwa vituko. Fundi akapiga jeki, akafunga mapya ya mpira laini, akajaza upepo. 

Kweli yalikuwa kimya. Gari liliteleza kama liko juu ya zulia, na kwenye kona halikuyumba hata chembe. Nesi akashusha mabega.

Ndipo akasikia pumzi.

Si yake. Nzito, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Ilitoka kiti cha pembeni. Harufu ya udongo mbichi ikatanda... na vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Alitaka kugeuka. Shingo ikakataa.

"Bado hatujafika?"

Sauti ya mwanamke, ya kunong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, kama za wagonjwa wake wakati wa alfajiri.

Mazoea yana tabu. Kabla hajajizuia, mdomo ulishajibu wenyewe: "Bado kidogo, mama. Vumilia."



Asubuhi alimrudia fundi. "Nifungie yale ya zamani."

Fundi alimtazama usoni. "Alikuuliza?"

Nesi akaitikia kwa kichwa.

"Ukamjibu?"

Nesi akainamisha macho. Fundi aliweka spana chini, akarudi nyuma hatua mbili, akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Kaka yako alikaa naye miaka minne, hakumjibu hata siku moja. Ni nani, mimi sijui, dada. Ila sasa hili si suala la matairi tena."

Nesi aliliacha gari palepale, akaenda kazini kwa miguu. Akavaa koti, akanawa mikono, akaingia wodini. Kwenye kitanda cha kwanza alilala bibi ambaye siku tatu hakuwa amefumbua macho. Leo alikuwa macho. Alimtazama nesi, kisha akatazama nyuma ya bega lake.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mpe kiti huyo mwenzako. Miguu imemvimba."