Majani ya Mzee Miche

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kuchukua mundu na gunia, kuteremka bondeni na kumkatia mbuzi majani. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Mdomo ulikuwa mwepesi, lakini mikono ilikuwa mizito ajabu. Bonde lenyewe halikuwa mbali, ila kupandisha kilima na gunia kichwani huku wenzako wanaruka kamba barabarani kunataka moyo, na moyo huo Chiriku hakuwa nao.

Mbuzi alikuwa mmoja tu, lakini alibeba nyumba nzima. Mdogo wake Chiriku alikuwa na miezi kumi, na maziwa ya mama yao yalikwisha mapema, kwa hiyo mtoto alilelewa kwa maziwa ya mbuzi. Mama alikuwa mshonaji. Kila alfajiri alikamua, akachemsha, akamnywesha mtoto, ndipo akakaa kwenye cherehani.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Mzee Miche, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita na kujishughulisha na kuuza miche ya maua. Alikuwa mtu mpole, lakini mpole naye ana yake. Kila alipopogoa bustani, matawi na majani aliyarusha juu ya ukuta yakaangukia uwanja wa kina Chiriku. Mama alimwambia mpaka akachoka. Mzee alijibu kwa adabu kwamba atayaondoa leo hii, na leo hiyo haikufika.

Mama akilalamika, Chiriku naye alilalamika, tena kwa sauti kubwa zaidi. Moyoni alikuwa anachekelea. Majani ya Mzee Miche yalikuwa yamemwondolea safari ya bondeni. Aliyashindilia kwenye gunia nyuma ya ukuta, akaenda kucheza weee, kisha akarudi nyumbani akipangusa jasho la kuruka kamba. Mama alimsifu kwa bidii yake, na yeye alizipokea sifa bila kupepesa macho.

Ijumaa moja mchana Mzee Miche alichungulia juu ya ukuta, kitambaa kimemziba pua, akamwita. Alimweleza kwamba maua yake yameingiliwa na wadudu, ameyapiga dawa kali, na matawi aliyotupa siku hiyo ndiyo hayohayo yenye dawa. Amwambie mama yake mtu asiyaguse, wala mbuzi asiyasogelee, mpaka kesho atakapokuja mwenyewe kuyazoa. Chiriku akaitika, "Ndiyo, babu," macho yakiwa kwenye kamba barabarani.

Mama hakuambiwa. Jua likazama, na gunia lilikuwa tupu. Chiriku akasimama mbele ya lile rundo. Tusimsingizie kusahau, maana alikumbuka kila neno. Alijiambia tu kwamba dawa imekwisha kukauka, na kwamba wazee hutia chumvi. Akazoa, akampa mbuzi, akaingia ndani kula.

Kesho yake asubuhi mama alikamua kama kawaida, na mtoto akanywa kikombe chake. Kufika saa nne mbuzi alikuwa anatetemeka miguu na kutokwa povu. Daktari wa mifugo alipofika, mbuzi alikuwa amelala ubavu, hana pumzi. Daktari alifungua mdomo wa mbuzi, akanusa mabaki ya majani, akasema hii ni sumu na nyama isiliwe hata kipande. Kisha akageuka haraka, kama aliyekumbuka jambo.

"Maziwa ya leo yamenywewa?"

"Mtoto amekunywa," mama akajibu.

"Mbuzi alikula majani haya lini? Kabla ya kukamuliwa au baada?"

Wote wakamtazama Chiriku, mlishaji wa mbuzi. Angesema jana jioni, siri yake yote ingekuwa nje: gunia, bonde na sifa za uongo.

"Baada," akasema. "Asubuhi hii alikata kamba, akayafuata mwenyewe."

Daktari akashusha pumzi, akasema kama ni hivyo mtoto hana neno, akaenda zake.

Hasira yote ya mama ikamgeukia Mzee Miche. Aliitwa mbele ya majirani waliokwisha kukusanyika. Mzee aliapa kwamba alimpa binti ujumbe kwa mdomo wake mwenyewe. Chiriku alipoulizwa, akaanza kulia na kusema hakuambiwa kitu. Nani angemwamini mzee mwenye kesi ya miaka mingi ya taka, amwache mtoto anayelia? Aliitwa muuaji. Mwanamke mmoja alisema mche wa mtu huyu hatauingiza tena kwake, na wengine wakaitikia. Mzee alirudi kwake taratibu na kufunga mlango.

Mchana mtoto alianza kutapika. Udenda ulimtiririka mpaka kifuani, akawa hachezi wala hashiki kitu. Mama alimpapasa fizi akasema ni meno hayo, yanamsumbua. Akamlaza mapajani na kuanza kumpepea.

Chiriku alikuwa mlangoni. Aliutazama udenda ule, akauona mkono wa mdogo wake unatetemeka kama miguu ya mbuzi. Alitaka kusubiri kidogo, labda atapata nafuu. Mtoto akafumba macho, mama akamwita, na hakuyafumbua.

"Mama, si meno," akasema huku analia. "Mbuzi alikula jana jioni. Nilimpa mimi. Babu aliniambia yana dawa."

Mama alimbeba mtoto, akakimbilia zahanati miguu mitupu. Chiriku alipiga ngumi mlango wa Mzee Miche, akamwambia yote kwa pumzi moja. Mzee yule aliyetukanwa saa chache kabla hakupoteza muda kukumbusha matusi. Aliingia bandani, akachukua chupa ya dawa aliyopulizia maua, na kwa magoti yake mabovu akawafuata zahanati.

Daktari wa zahanati alisoma maandishi ya chupa, akaagiza dawa ya kuipinga sumu ile. Jua lilikuwa linatua mtoto alipolia kwa nguvu, na mama naye akalia.

"Mngeniambia ni meno, ningetibu meno," daktari akasema. "Na mtoto huyu mngerudi naye amefunikwa shuka."

Mtoto alilazwa siku tatu. Siku ya nne Mzee Miche alikuja na jembe. Alikiri kwamba shimo la taka lilikuwa hatua kumi tu kutoka bustanini kwake, na kwamba habari ya dawa kali hatumwi mtoto, yeye mwenyewe alipaswa kubisha hodi. Alizoa kila tawi. Chiriku naye alipelekwa na mama yake nyumba baada ya nyumba, akasema ukweli kwa kila aliyemwita mzee muuaji. Haikuwa kazi nyepesi. Mwanamke yule aliyeapa kutonunua miche alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

Waliporudi, mama alikaa kizingitini na kumwita karibu.

"Uvivu wako uliniulia mbuzi," akasema. "Huo ningekusamehe siku ileile. Lakini daktari wa mifugo alikuuliza swali moja, na jibu lake lilikuwa uhai wa mdogo wako. Wewe ukachagua sifa. Mwanangu, kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, linamtafuta mwingine wa kulilipia, na mara nyingi ni yule asiyejua hata kusema."

Chiriku alilia, na mama hakumbembeleza. Alipomaliza, mama alimpa mtoto ambebe, akaenda kutafuta maziwa kwa watu. Chiriku alimpakata kwa mikono miwili, akakaa palepale mpaka mama aliporudi.