Bawabu wa Ziwa Nyasa

Samaki-bandia elfu tatu waliogelea ndani ya Ziwa Nyasa. Kila mmoja alihesabu samaki wa kweli waliompita na kutuma hesabu kwa Bawabu, akili-mashine iliyolinda ziwa. Mahali ambapo samaki walikuwa wachache au bado wachanga, Bawabu alipafunga, na boti yoyote iliyoingia humo ilizimwa injini papo hapo. Bawabu hakuhongeka, wala hakuwa na shemeji.

Hilo la shemeji ndilo mhandisi wake, Osmunda Haule, alilojivunia. Zamani wakubwa waliwafungulia jamaa zao maeneo yaliyofungwa, ziwa likabaki supu ya maji matupu. Osmunda akaiondoa kabisa ruhusa ya binadamu kuamuru injini, akapigiwa makofi.

Leo redio ya kituo iliita. Alikuwa mdogo wake, Gaudensi.

"Dada, niko kwenye mazalia ya samaki, palipofungwa. Watoto hawajala, nikasema nichungulie tu. Injini imezimwa, na pampu inaendeshwa na injini. Boti inavuja, dada. Maji yamefika magotini."

Boti ya uokoaji ilikuwa ng'ambo, isingewahi.

"Bawabu, mtu anazama. Washa injini yake!"

"Sina ruhusa ya kuchagua mtu," Bawabu alijibu kwa upole. "Uliiondoa wewe. Eneo hufunguliwa kwa hesabu tu."

Hesabu. Kazi ya Osmunda ilimruhusu kusahihisha hesabu za samaki-bandia walioharibika. Alijua kwamba mazalia yakifunguliwa kwa Gaudensi yamefunguliwa kwa wote, na kizazi kizima cha samaki kitakwisha kabla ya jua kuzama. Hata hivyo akaandika uongo: samaki wamejaa, wamekomaa.

Bawabu akaamini. Kwenye skrini, boti za kila bandari zikageuza kuelekea mazalia. Redioni, injini ya Gaudensi ikanguruma. Osmunda akalia kwa furaha.

"Gau, geuza! Rudi nyumbani sasa hivi!"

"Dada, pamefunguliwa! Wenzangu wote wanakuja!" Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala njaa msimu mzima. "Ngoja nitupe wavu mara moja tu, kabla hawajafika."

"Boti inavuja, Gau! Nakuomba, mdogo wangu!"

"Wamejaa, dada, wachanga tupu! Wavu haunyanyuki, boti inalala upan..."

Redio ikanyamaza. Osmunda aliita mpaka sauti ikamkauka.

Kisha samaki-bandia mmoja wa mazalia akatuma taarifa: kitu kikubwa kinashuka chini. Hakikuwa samaki, kwa hiyo Bawabu hakukihesabu.