Tairi Nene za Marcelina

Sokoni Bariadi, kati ya marobota ya mitumba na honi za bodaboda, Marcelina alimwona kijana wa bukta ya kubana akipitisha kadi ya mpiga kura kati ya tairi na fremu ya baiskeli ya mashindano.

"Kaka, unaipigisha kura?"

Kijana huyo, Machibya, akacheka. "Napima nafasi, dada. Baiskeli hizi za kukata upepo, fremu imelala karibu kabisa na tairi. Kadi isipopita, tope likiingia gurudumu linagoma."

Marcelina, mtaalamu wa maabara aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, hakuelewa chochote isipokuwa tabasamu lake. Miezi mitatu baadaye, Machibya, fundi mitambo wa kiwanda cha pamba, alikuwa akifika kwake kila jioni kwa baiskeli hiyo.

Siku moja Marcelina akarudi kutoka Mwanza na zawadi: tairi mbili nene. "Hizo zako nyembamba zinanitia hofu, mpenzi. Barabara zetu zina mawe."

"Ahsante, mama. Zitanifaa sana."

Baada ya mashindano ya baiskeli kijijini Lalago, Machibya akapotea. Akipigiwa simu, ana kazi. Kesho? Kesho pia. Lakini sauti ilikuwa laini ile ile, na kila mara aliuliza, "Umekula, mpenzi?" Marcelina alikata simu akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alipoipiga. Mtu anayekuacha anakuulizia chakula cha nini?

Wiki ya pili akapita kwa Luhende, fundi baiskeli. Fremu ya Machibya ilining'inia ukutani, imelika pande mbili kama iliyopigwa msasa.

"Mwisho wake tairi ya milimita ishirini na nane," Luhende alisema. "Hizi zako thelathini na mbili. Tope likajaa, likasaga fremu. Kaimaliza Lalago ameibeba begani."

"Mbona ulimfungia?"

"Nilimkataza! Akasema akizirudisha utaumia."

Marcelina akapiga simu palepale. Machibya akaja kwa miguu, shati la bluu limenyooshwa pasi, macho chini.

"Umeniacha au hujaniacha?"

"Nikuache? Juzi nimewaambia wazee wangu kule Lagangabilili nataka kukuoa."

"Unaniposa huku unanikimbia?"

"Ungeuliza baiskeli iko wapi. Ningejibu nini?"

Marcelina hakujua acheke au alie. Kupendwa hivi kulimpendeza na kumtisha. Huyu akisema ndiyo, atajuaje kama ni ndiyo kweli?

"Machibya, siolewi na mtu asiyeweza kuniambia hapana."

"Sawa."

"Umeona? Sawa tena!" Marcelina akang'aka, Luhende akageuka pembeni kuficha kicheko. "Haya. Kesho twende Bukoba kwa baba."

Machibya akatazama viatu vyake, kisha akamtazama Marcelina.

"Hapana," akasema. "Kesho nina zamu kiwandani. Twende Jumamosi."

Marcelina akamshika mkono, Luhende akiona.

"Basi Jumamosi."